Bunduki Mkononi mwa Mtani

Sajenti Isihaka Mdoe alikuwa amebakiza wiki kumi na moja avue magwanda ya polisi, na jambo alilomwomba Mungu lilikuwa moja tu: aondoke bila bunduki yoyote iliyopita mkononi mwake kumuua mtu. Miaka ishirini na miwili alishika ufunguo wa ghala la silaha katika kituo kidogo cha Kwalugaso, kwenye barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni. Katika miaka yote hiyo bunduki zake zilikuwa zimeua chui mmoja, mbwa wenye kichaa wasiohesabika, na punda wa Chimanlal mwenye duka. Punda yule aliuawa kwa makosa, na habari zake mpaka leo hazitajwi mbele ya Chimanlal.

Ghalani mlikuwa na bunduki kumi ndefu za vita na mbili fupi za marisau. Zote zilifungwa kwa mnyororo mmoja, zikitoka kila Jumatatu kupakwa mafuta na mara moja kwa mwezi kwenda kulenga shabaha nyuma ya kichuguu. Basi. Askari wa doria alitoka na rungu na filimbi, akarudi na rungu na filimbi. Mdoe hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa hili alikuwa na msimamo wake, na aliyemuuliza alimjibu bila kusita.

"Rungu likikosea," alisema, "mtu anapata nundu, na kesho anakuja kukutukana. Bunduki ikikosea hakuna wa kuja kukutukana."

Mwaka ule wa hamsini na saba akaletwa Inspekta mpya, Mwingereza kijana mwenye masikio mekundu, aliyetoka Kenya kwenye vita vya msituni. Askari walimwita Bwana Tayari, kwa sababu ndilo neno la Kiswahili alilolipenda. Ukimpigia saluti, tayari. Ukimwambia chai imepoa, tayari. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa na hofu, na hofu yake alikuja nayo kutoka huko alikotoka kama mtu anavyokuja na homa, akatugawia sote.

Siku ya tatu akamwita Mdoe ofisini. "Sajenti, kuanzia kesho kila askari wa zamu atachukua bunduki ndefu. Risasi tano mfukoni."

"Hata sokoni, Bwana?"

"Hasa sokoni."

Mdoe akakohoa kidogo, kama wafanyavyo wazee wanaotaka kupinga bila kupinga. "Bwana, watu wa hapa tunajuana. Mwizi wa kuku namfuata kwake, namwambia vaa shati twende, tunakwenda. Nikimfuata na bunduki atakimbia. Akikimbia nami nina bunduki, nitafanya nini?"

Bwana Tayari alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo nalo tumpe. Kisha akasema kwamba huko alikotoka alimzika askari aliyekuwa na rungu na filimbi. Mdoe akapiga saluti akaenda kufungua mnyororo.

Mafunzo yakaanza. Kitabu cha polisi kilitaka watu waonywe mara tatu, tarumbeta ilie, kitambaa chenye maandishi kikunjuliwe, ndipo mkubwa atoe amri na mtu mmoja apige risasi moja. Bwana Tayari alikisoma chote, akakifunga, akaongeza la kwake. Mtu akishika silaha ya askari, hapo hakuna tarumbeta wala kitambaa. Na askari wapya wasiojua la kufanya wamtazame Sajenti. Sajenti akiinua, inueni. Msisubiri kufikiri.

Askari mpya kuliko wote alikuwa Filemoni, kijana wa Bukoba, mrefu, mpole, wiki ya sita tangu atoke chuoni. Alilala na kitabu cha polisi chini ya mto. Neno "msisubiri kufikiri" alilishika kama aya.

Sasa lazima nimtaje Sadala, maana bila yeye hakuna kisa.

Sadala alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mkata mkonge katika shamba kubwa lililokuwa mwendo wa saa moja kutoka kituoni. Alikuja ujanani kwa mkataba wa miaka miwili, akaoa Mzigua wa Mkata aitwaye Mwanaidi, na Tabora ikabaki kuwa mahali pa kusimulia. Na Wazigua na Wanyamwezi, kama ijulikanavyo, ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako atakutukania baba, atakuvua kofia, atabeba kuku wako mchana kweupe, nawe ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Siku ya msiba atakuja kukuchekesha kaburini, maana wengine wote watakuwa wanalia na lazima apatikane mtu wa kazi hiyo.

Kila siku ya gulio, mbele ya baraza ya Chimanlal, Sadala alimvizia Sajenti Mdoe akampokonya rungu. Mdoe alimkimbiza kati ya mafungu ya muhogo huku akipiga filimbi, mpaka amkamate alinyakue. Hapo ndipo watu walipokuwa wakingoja. Mdoe aliliinua rungu juu ya kichwa cha Sadala, akanguruma, "Leo nakuua, Mnyamwezi!" Sadala alipiga magoti mavumbini na kutoa wasia: jembe lake bovu apewe Mzigua, viroboto wake apewe Mzigua, na mama mkwe wake, kwa heshima zote, arudishiwe Mzigua. Soko zima lilicheka. Mwaka hata mwaka wasia ulirefuka, na mama mkwe alikuwa amekwisha kufa lakini bado alirudishwa.

Tangu ilipotoka amri ya bunduki, Mdoe hakwenda tena gulioni. Aliwapeleka koplo na wengine, yeye akabaki kituoni akipaka mafuta kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kupakwa. Alisema ni kiuno. Kweli kiuno kilimsumbua, lakini si hicho.

Mwezi uliofuata wakata mkonge wakagoma. Shamba lilikuwa limeongeza idadi ya matita ya kukata kwa siku, na watu waliokuwa wakimaliza kazi saa nane wakajikuta bado wako kwenye miiba jua likizama. Asubuhi moja hawakwenda kukata. Walikaa chini mbele ya korona, kile kinu kikubwa cha kuchakata mkonge, watu kama mia tatu, kimya. Meneja akapiga simu. Bwana Tayari akapandisha askari tisa kwenye lori, Mdoe mbele yao, kila mmoja na bunduki yake, nazo zimekokiwa.

Njiani Filemoni aliketi kando ya Mdoe, ameikumbatia bunduki kwa mikono miwili. Mdoe alimtazama, akafikiri kumwambia: huko tuendako wengi ni Wanyamwezi, kuna hili na hili, usishangae. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Lakini lori lilikuwa likirusharusha watu, kiuno kikimchoma, na habari ya utani ni ndefu kumweleza mtu wa mbali. Akasema moyoni, nitamweleza tukirudi.

Walipofika, Bwana Tayari akawapanga mstari mmoja, hatua ishirini kutoka kwa wale waliokaa, akaenda ofisini kwa meneja kuzungumza. Walibaki hivyo, mstari na umati, wakitazamana. Jua lilikuwa limepanda. Harufu ya majimaji ya mkonge yaliyochacha ilikuwa imejaa kila mahali. Wagomaji walikuwa wameweka visu vyao vya kukatia lundo moja kando, mbali nao, ili pasiwe na maneno. Mdoe aliliona hilo akawashukuru kimoyomoyo. Nusu saa ikapita. Huko nyuma mtu mmoja akaanza kusema kwa sauti, mwingine akamjibu kwa sauti zaidi, na Mdoe akasikia umati ukibadilika, kama unavyosikia maji ya chungu kabla hayajachemka.

Ndipo Sadala akainuka.

Alitoka mbele mikono mitupu, akitembea kwa ule mwendo wake wa gulioni, kitambi mbele na mabega nyuma. Mdoe alielewa mara moja anachokuja kufanya, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukafurahi. Sadala alikuja kupoza mambo. Kama watu wangecheka, wangetulia; wakitulia, wangezungumza; jioni kila mtu angelala kwake.

"Jamani, tazameni!" Sadala akapaza sauti. "Mzigua kapewa mtaimbo leo! Wewe, nani kakuamini na kitu cha chuma? Hukuuza jembe la mama yako ununue ugoro wewe?"

Kicheko kikaanza mbele, kikaenda nyuma. Mdoe alijitahidi kukunja uso. "Rudi ukakae, mwizi wa dada zetu."

"Dada yenu mlimleta wenyewe mpunguze walaji kwenu!"

Sasa hata koplo alikuwa anacheka. Sadala akafika mbele yake, akaushika mtutu wa bunduki, akauvuta. Si kwa nguvu. Mdoe akavuta upande wake. Wakavutana, mmoja akitukana, mwingine akitukanwa, na kwa kitambo kile wazee wawili wale wakasahau jua, lori na wale watu mia tatu. Kisha Mdoe akaipata bunduki yake, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kila siku ya gulio kwa miaka kumi na tano. Haukumwuliza ruhusa. Ukainua.

Lakini bunduki haiinuliwi kama rungu. Mikono iliyofunzwa kwa miaka ishirini na miwili huinua bunduki mpaka begani.

"Leo nakuua, Mnyamwezi!"

Sadala akapiga magoti. Akafungua mikono kuuanza wasia. "Mwambieni—" akasema.

Filemoni akapiga.

Ilikuwa risasi moja tu. Sadala alilala ubavu, uso wake bado na ile dalili ya mtu anayetaka kuchekesha. Watu wakakimbia pande zote, visu vikabaki palepale kwenye lundo. Bwana Tayari alitoka ofisini mbio, kichwa wazi. Mdoe alipiga magoti pale mavumbini akamshika mtani wake kichwa, akimwita. Juu yake alisikia sauti ya Filemoni ikirudia neno lilelile, kwa adabu, kama mtu anayetoa ripoti.

"Nilikuona umeinua, afande. Nilikuona umeinua."

Mgomo uliisha siku ileile. Hayo nayo ndiyo maajabu ya dunia.

Jioni Mdoe alisimama mbele ya meza ya Inspekta. Alikuwa amezirudisha bunduki zote kwenye mnyororo, zile tisa safi na ile moja yenye harufu, na mikono yake ilikuwa bado ikinuka mafuta. Bwana Tayari alikuwa na karatasi mbele yake, amekwisha kuijaza. Akamsomea polepole. Mtu aitwaye Sadala alijaribu kumpora Sajenti silaha. Sajenti akainua silaha kujilinda, kama ilivyoamriwa. Konstebo Filemoni akapiga risasi moja, kama alivyofunzwa. Hakuna aliyekosa.

"Si hivyo, Bwana," Mdoe akasema. "Yule hakupora. Yule alikuwa mtani wangu."

"Mtani."

"Ndiyo, Bwana. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi. Tunataniana. Alishika bunduki kwa utani, nami nikainua kwa utani."

Bwana Tayari akaweka kalamu chini. Masikio yake yalikuwa yamepauka. Mdoe akaona kwamba kijana huyu pia alikuwa amechoka, tena kwa uchovu wa siku nyingi.

"Sajenti, nisikilize. Ukisema ulikuwa unacheza na silaha ya serikali, utafukuzwa. Pengine hilo hulijali. Lakini ukisema mlikuwa mnacheza, basi Filemoni amemuua mtu aliyepiga magoti akicheza. Hiyo si kazi tena. Hiyo ni kesi ya mauaji, Tanga, mbele ya jaji. Nikuandikie hivyo?"

Dirishani, Filemoni alionekana ameketi kwenye ngazi ya ghala, kitabu cha polisi magotini, akikisoma. Alikuwa akitafuta mahali alipokosea. Mdoe alijua kwamba hatapaona, kwa sababu hakuna kitabu kilichoandika kwamba Sajenti wako anaweza kuinua bunduki kumwelekezea mtu asiwe na nia ya kuua. Kosa lile halikuwa la kijana. Lilikuwa la mzee aliyeshindwa kusema maneno kumi ndani ya lori kwa sababu kiuno kilimuuma.

"Waarabu wana neno," Bwana Tayari akasema kwa upole, "maji yakimwagika…"

"Hayazoleki," Mdoe akajibu. "Ni letu hilo, Bwana." Akachukua kalamu akatia sahihi. Ndivyo Sadala alivyoingia kwenye karatasi za serikali kuwa mnyang'anyi wa bunduki, na ndivyo alivyo mpaka leo, kama mchwa hawajampata.

Daktari wa Korogwe alimrudisha maiti kesho yake asubuhi. Adhuhuri haijafika, mtu akaja kituoni kutoka shambani, mzee wa Tabora mwenye kofia mkononi. Alisimama nje ya uzio, hakutaka kuingia.

"Sajenti, dada yako Mwanaidi amenituma. Kaburi limechimbwa. Sadala hana ndugu wengine hapa ila sisi, na mtani wake ni wewe. Njoo umzike mtani wako."

"Mimi?" Mdoe akauliza. "Baada ya jana?"

Mzee akatazama chini. "Jana ilikuwa ya polisi. Utani si wa polisi."

Mdoe akavua magwanda, akavaa kanzu, akaenda kwa miguu, mikono mitupu. Njia nzima alikuwa akijisemea. Atawaambia. Serikali ameiandikia uongo kwa ajili ya kijana wa watu, lakini hawa hawana jaji wala karatasi. Watu hawa wana haki ya kujua kwamba Sadala hakufa kwa mkono wa mtoto mgeni aliyeshtuka, bali kwa mkono wa Isihaka Mdoe ulioinuka kwanza. Wakitaka kumpiga, wampige. Angalau usiku huo angelala usingizi, hata kama ana nundu.

Walikuwa wengi makaburini. Walimpisha. Hakuna aliyemtemea mate, na hilo lilimuuma zaidi. Mwanaidi alikuwa amekaa na wanawake chini ya ukuta wa nyumba ya mwisho, mahali ambapo kaburi lilionekana, kanga usoni. Jeneza lilipofika, watu wakasimama wakamtazama Mdoe, maana mtani huwazuia kwanza wasizike. Ndiyo desturi. Akasimama mbele ya kaburi, amekinga njia kwa mikono miwili.

"Hapazikwi mtu hapa," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Ardhi hii ni ya Wazigua."

Wazee wa Tabora wakanong'ona kuitikia, kama inavyotakiwa. Wakamngoja aendelee.

"Ndugu zangu," Mdoe akasema. "Mtu huyu nimemuua mimi."

Kisha mzee yule mwenye kofia akatoa mguno puani, na mwingine nyuma yake akaguna, kicheko kikapita kati ya watu, kidogo, kimechoka, cha watu ambao hawakulala.

"Wewe!" mzee akajibu, kama ilivyompasa. "Mzigua ana ubavu gani wa kumuua Mnyamwezi? Hata punda ulimuua kwa kubahatisha!"

Wakacheka zaidi.

"Nasema kweli," Mdoe akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Wallahi, nasema kweli. Ni mkono huu. Mimi ndiye niliyeinua. Yule kijana alinifuata mimi. Nimemuua mtani wangu!"

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka, maana walikuwa hawajapata kumwona mtani aliyeifanya kazi yake vizuri namna ile, mpaka na machozi. Wanaume wakashikana mabega. Na kule ukutani Mwanaidi akaifunua kanga usoni, akacheka. Tangu jana mchana alikuwa hajasema neno, hajala, hajalia; wanawake walikuwa wakimwogopea. Sasa alicheka mpaka akainama, na kicheko kikampasukia kuwa kilio, kilio kikubwa cha haki, na wanawake wakamkumbatia wakisema, "Lia, mama, lia."

"Muongezee, kaka!" akaita kwa sauti ya kukwama. "Mwambie huyo! Mwambie!"

Mdoe angeweza kumwendea, kumshika mikono, kumweleza taratibu habari ya lori na ya amri na ya bega. Angemwelewa. Na baada ya hapo Mwanaidi angekuwa hana tena hata kicheko na kilio alivyovipata sasa hivi.

Akajipangusa uso kwa upindo wa kanzu. Akashuka kaburini apokee mwili, kwa sababu kiuno au si kiuno ilikuwa kazi yake, na akiwa kule chini, udongo ukimwangukia mabegani, akapaza sauti ili isikike mpaka ukutani.

"Mleteni haraka huyo mwizi wa dada zetu," akasema. "Nimeshamuua, sasa mwataka nimngoje mpaka lini?"

Na watu wakacheka.